Jina Lililotoka Valders

Valders ni kijiji kidogo kaskazini-mashariki mwa jimbo la Wisconsin, Marekani, chenye machimbo ya mawe ya kujengea. Juu ya mwamba unaochimbwa pale umetanda udongo mwekundu uliojaa mawe, na mwaka 1943 mwanajiolojia Fredrik Thwaites aliupa udongo huo jina la kijiji. Jina likapanda cheo. Lilianza kama jina la tabaka moja juu ya machimbo, likaishia kuwa jina la awamu nzima ya mwisho ya enzi ya barafu katika bonde la Ziwa Michigan, likaingia kwenye ramani na vitabu vya kufundishia. Mwaka 1976 watafiti watano, Edward Evenson akiwa wa kwanza katika orodha yao, walipendekeza awamu hiyo ipewe jina jingine. Udongo wa Valders, ule ulioipa awamu jina, ulikuwa na umri mkubwa kuliko awamu yenyewe.

Kisa hiki nakipenda kwa sababu hakina mzembe ndani yake. Kila aliyehusika alitazama kwa makini kilichokuwa mbele yake. Kilichowaponza ni kwamba neno moja lilibebeshwa kazi tatu kwa mpigo: kueleza udongo ulivyo, kutaja mahali ulipo, na kudai jinsi na lini ulifika hapo. Wanaoshughulika na masalia ya enzi ya barafu wamehangaika na mkanganyiko huu kwa zaidi ya karne moja, na hawajaumaliza.

Tuanze na udongo wenyewe. Kilele cha enzi ya barafu iliyopita kilikuwa miaka ipatayo 21,000 iliyopita. Wakati huo karibu Kanada yote na kaskazini mwa Marekani vilikuwa chini ya barafu ambayo katikati yake ilifikia unene wa kilomita tatu hivi. Barafu nene kiasi hicho haitulii. Uzito wake huisukuma itambae kuelekea kingoni, na inapotambaa hukwangua mwamba, hung'oa mawe, huyasaga mengine kuwa unga, kisha huubeba mzigo wote huo chini yake, ndani yake na mgongoni. Ikielemewa au ikiyeyuka, huuacha. Mzigo ulioachwa na barafu yenyewe, pasipo maji kuupitia na kuuchambua, ndio unaoitwa tili.

Huko kutochambuliwa ndiko alama yake kubwa. Mto hupanga mzigo wake: mawe makubwa hubaki penye mkondo wa kasi, mchanga husogea mbele kidogo, tope huenda kutua kwenye maji yaliyolala. Upepo huchagua zaidi, maana kokoto hauiwezi. Barafu haichagui kitu. Ndani ya konzi moja ya tili utakuta mfinyanzi, unga wa mwamba, mchanga na kokoto, na hatua mbili kutoka hapo jiwe lenye ukubwa wa kibanda limezama katika udongo uleule. Tili iliyobanwa na barafu kwa karne nyingi hushikana kama zege.

Tusiichanganye tili na moreni. Moreni ni umbo la ardhi, tuta lililojengwa pembezoni mwa barafu. Tili ni malighafi. Lipo tuta la moreni ambalo ndani yake ni mchanga na kokoto za mito iliyotoka kwenye barafu, na zipo tili zilizotanda nchi nzima pasipo tuta hata moja. Ramani nyingi za zamani zilichora moreni na kuhesabu kwamba zimeshachora tili.

Sasa turudi Wisconsin. Kaskazini-mashariki mwa Valders, kwenye ukingo wa Ziwa Michigan, pana mahali paitwapo Two Creeks. Mawimbi huula ukingo huo, na mwaka 1907 James Goldthwait alieleza kilichofichuliwa pale: msitu mzima uliofukiwa. Visiki vya misprusi, miti ya nchi za baridi iliyo jamii moja na misonobari, vimesimama juu ya mizizi yake, na kandokando yake yamelala magogo, matawi, majani membamba kama sindano na magamba ya konokono. Chini ya msitu kuna tope la ziwa la kale, na chini zaidi kuna tili. Juu ya msitu kuna tope jingine la ziwa, kisha tili nyekundu. Ukuta husomwa kuanzia chini: barafu ilikuja ikarudi nyuma, ziwa likajaa kisha likapungua, msitu ukaota kwa karne mbili hivi, maji yakapanda yakauzamisha, na barafu ikarejea kuufunika.

Msitu huu una heshima nyingine. Willard Libby alipobuni njia ya kupima umri kwa kaboni-14, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1960, mti wa Two Creeks ulikuwa miongoni mwa sampuli zake za mwanzo. Wanajiolojia walikuwa wakiukadiria msitu kuwa na miaka 25,000 hivi. Kipimo kilitoa 11,400 hivi, wakalazimika kufuta zaidi ya nusu ya muda waliokuwa wameuzoea. (Miaka ya kaboni si sawa na ya kalenda, ukisharekebisha, msitu unaangukia karibu miaka 14,000 iliyopita.) Ghafla tabaka moja la magogo likawa saa ya bonde zima. Tili yoyote iliyo juu yake ilikuwa changa kuliko umri huo, na iliyo chini yake ilikuwa kongwe zaidi.

Na hapo ndipo jina la Valders lilipopotea njia. Juu ya msitu kuna tili nyekundu. Valders kuna tili nyekundu. Nani angesita? Zikahesabiwa kuwa kitu kimoja, awamu iliyofuata msitu ikaitwa ya Valders, na kwa kuwa tili nyekundu ilionekana hadi karibu na Milwaukee, zaidi ya kilomita 100 kusini, ikaaminika kwamba barafu iliyoufukia msitu ilifika mpaka huko.

Wekundu huo una asili yake. Barafu iliyotoka kaskazini ilipita kwenye bonde la Ziwa Superior, penye miamba na mashapo mekundu ya chuma, na tope jekundu likasafiri na maji hadi kwenye maziwa yaliyo kusini, likatua sakafuni. Kila barafu iliyosonga tena juu ya sakafu hiyo ililizoa na kuibuka nyekundu. Basi rangi haikuwa kitambulisho cha safari moja ya barafu. Ilikuwa rangi ya ziwa, na barafu ililipita ziwa zaidi ya mara moja. Watafiti wa miaka ya 1970 walipopima ukubwa wa chembe na madini ya mfinyanzi, na kuyafuata matabaka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, waligundua tili nyekundu kadhaa zilizopandana. Ile ya Valders ilikuwa imeshatanda kabla msitu haujaota. Ile iliyo juu ya msitu haikufika Milwaukee; ilikomea jirani na mji wa Two Rivers, nayo ikapewa jina hilo. Awamu ikaitwa Greatlakean, jina ambalo sijapata kumwona mtu aliyelipenda, lakini angalau halimsingizii yeyote.

Valders haikufutwa kabisa. Katika mpangilio uliochapishwa mwaka 1984, David Mickelson na wenzake waliziweka tili nyekundu katika Fomesheni ya Kewaunee, fomesheni ikiwa ni kundi la matabaka linaloweza kufuatwa na kuchorwa kwenye ramani. Upande wa Ziwa Michigan zilipangwa kutoka chini kwenda juu: Ozaukee, Haven, Valders, Two Rivers. Valders ilirudi kuwa kile ilichokuwa siku ya kwanza, yaani udongo fulani mwekundu unaopatikana mahali fulani.

Ona jinsi mpangilio huo unavyofanya kazi. Jina la mahali linamwambia mtafiti aende wapi kuona mfano. Maelezo yaliyofungamanishwa na jina yanamwambia ataona nini: rangi, kiasi cha mchanga na mfinyanzi, aina ya mawe, kilicho juu na kilicho chini. Umri haumo ndani ya jina. Namna barafu ilivyoutandaza udongo haimo pia. Hayo yanaandikwa pembeni, ili yakibadilika jina lisiguswe. Inaonekana ni urasimu wa makarani, na wanafunzi huuchukia. Lakini aliyewahi kusoma ramani tatu za bonde moja zilizotumia neno moja kwa vitu vitatu hahitaji kushawishiwa.

Hebu tusimame mbele ya ukuta wa tili. Kazi ya kwanza ni kuukwangua kwa mwiko wa mwashi, maana uso wa nje umekauka na kuoshwa na mvua, na umeshadanganya wengi. Ukipata uso mpya unaulowesha kidogo, kisha unalinganisha rangi yake na chati ya Munsell, kijitabu chenye vipande vya rangi vilivyopewa namba. 5YR 4/4 ni kahawia yenye wekundu, na kila mwenye chati hiyo, awe Helsinki au Nairobi, anaona kahawia ileile. Unachukua kipande cha udongo na kukifikicha kati ya kidole gumba na cha shahada: mfinyanzi huteleza na kunata, unga wa mwamba huwa mlaini kama poda, mchanga hukwaruza. Halafu tone la asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa. Udongo wenye unga wa mawe ya chokaa hutoa povu papo hapo; wenye dolomaiti huchelewa, na povu lake ni hafifu; ule ambao mvua za maelfu ya miaka zimeshauondolea chokaa hukaa kimya. Povu hili lina thamani kuliko linavyoonekana, na tutalikuta tena Uingereza.

Yanafuata mawe. Hamsini hutosha kuanzia. Jiwe hupimwa mwelekeo kwa dira kabla ya kung'olewa, kisha hutazamwa pembe na mikwaruzo yake, na mwisho hupasuliwa kwa nyundo ili kujua ni mwamba gani. Jiwe lililosafiri chini ya barafu mara nyingi huwa na upande uliosuguliwa bapa na mistari myembamba iliyochorwa na mawe mengine. Chauncey Holmes alionyesha mwaka 1941 kwamba mawe ya tili hayakulala ovyo: mengi hulaza urefu wao sambamba na njia ya barafu. Mawe hamsini yaliyopimwa kwa subira huweza kukuambia barafu ilitokea upande gani, hata kama kilomita mia kuzunguka hapo hakuna mwamba ulio wazi.

Mpaka hapo hujaandika neno tili daftarini, au usiwe umeliandika. Mwaka 1960 Wamarekani watatu, Flint, Sanders na Rodgers, walitaka jina la mchanganyiko usiochambuliwa ambalo halisemi lolote kuhusu asili yake. Jina lao la kwanza lilikuwa limeshatumiwa na wengine, hivyo mwaka huohuo wakaleta jingine, na leo kwa udongo usioganda kuwa mwamba tunasema diamikti. Kila tili ni diamikti. Si kila diamikti ni tili. Maporomoko ya ardhi hutoa diamikti. Tope la volkano hutoa diamikti. Siwa la barafu linaloelea baharini na kudondosha mawe kwenye tope la sakafu hutoa diamikti pia. Mwaka 1983 Nicholas Eyles, Carolyn Eyles na Andrew Miall walileta hata vifupisho: Dmm ni diamikti ambayo mawe yake yamezama kwenye udongo bila kugusana, na isiyo na matabaka ndani yake, Dms ni ile iliyo na dalili za matabaka. Kuna waliolalamika kwamba vifupisho humfanya mtu aache kutazama. Malalamiko yana ukweli, ila naona afadhali kifupisho kinachosema kidogo kuliko neno linalosema mengi bila ushahidi.

Baada ya hayo ndipo swali la asili linapoulizwa: je, barafu ilifanyaje? Jumuiya ya kimataifa ya utafiti wa kipindi cha Kwatenari, INQUA, iliunda tume ya kulijibu, ikiongozwa na Aleksis Dreimanis, Mlatvia aliyehamia Kanada. Tume ilifanya kazi katika miaka ya 1970 na 1980, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1989. Kwa ufupi ilitenganisha tili iliyobandikwa, ambayo barafu inayotambaa huikandamiza kwenye sakafu chembe baada ya chembe. Tili iliyoyeyukia, ambayo barafu iliyokufa huiacha taratibu inapoyeyuka mahali ilipo. Tili iliyotiririka, yaani tope lililoteleza kutoka mgongoni mwa barafu. Na tili iliyovurugwa, ambapo mashapo yaliyokuwepo tayari hukokotwa na kuchanganywa chini ya barafu. Majedwali yake yalikuwa na vijisehemu vingi kuliko nilivyovitaja, kila kimoja na jina lake.

Tatizo liliibuka kutoka kwenye barafu zilizo hai. Geoffrey Boulton alikuwa ameshaona Svalbard kwamba tili inayotiririka huweza kutanda juu ya mashapo mengine na kumfanya mtafiti ahesabu safari mbili za barafu pale ilipopita moja. Baadaye, kwenye barafuto ya Breiðamerkurjökull nchini Iceland, yeye na wenzake waliweka vipimo ndani ya tili iliyo chini ya barafu na kukuta kwamba sehemu kubwa ya mwendo wa barafu ukingoni haikutokana na barafu kuteleza juu ya sakafu. Sakafu yenyewe ilikuwa ikisogea. Mwaka 1986 vipimo vya mitetemo kutoka Antaktika vilionyesha jambo linalofanana: chini ya mkondo mmoja mkubwa wa barafu kulikuwa na tabaka la tili laini lenye unene wa mita kadhaa. Ikiwa sakafu inasogea, kubandikwa kunaishia wapi na kuvurugwa kunaanzia wapi? Chembe ileile huweza kubandikwa asubuhi, ikakokotwa jioni, ikabandikwa tena baada ya mwaka.

Mwaka 2006 David Evans, Emrys Phillips, John Hiemstra na Clive Auton walipendekeza orodha ifupishwe. Kwa tili za chini ya barafu walibakiza makundi matatu: mashapo yaliyovurugwa lakini bado yanaonyesha umbo lao la awali, tili iliyotokana na mkokoto wa barafu kwa njia zake zote zilizochanganyika, na tili iliyoyeyukia, ambayo wao wenyewe waliona ni adimu kuhifadhika. Mimi niko upande wa orodha fupi. Jedwali la vyumba kumi na viwili linapendeza ukutani, lakini mtu aliye shimoni hana namna ya kutofautisha vyumba vinane kati ya hivyo.

Sasa lile povu. Holderness ni mwambao wa mashariki mwa Uingereza ambao bahari huula kwa takriban mita moja na nusu hadi mbili kila mwaka, na kuta zake karibu zote ni tili. Mwaka 1868 Searles Wood na J. L. Rome waliyagawa matabaka yake, na juu kabisa wakaweka udongo wa Hessle: kahawia yenye wekundu, wenye nyufa za kijivu na chokaa kidogo. Kwa zaidi ya miaka 100 Hessle ilihesabiwa kuwa tili ya peke yake, alama ya mara ya mwisho barafu kufika pwani hiyo. Kisha mwaka 1978 Paul Madgett na John Catt wakachapisha vipimo vya mawe, madini na chembe. Penye tili ya Skipsea chini, Hessle ilikuwa na mawe ya Skipsea. Penye tili ya Withernsea chini, ilikuwa na mawe ya Withernsea. Hapakuwa na tili ya Hessle. Kilichokuwepo ni sehemu ya juu ya tili hizo mbili, iliyooza kwa mvua, mizizi na hewa, ikapoteza chokaa yake na kubadilika rangi. Safari moja nzima ya barafu ikafutika kwenye historia ya Uingereza, na kilichoifuta ni kuhesabu mawe na kupima chokaa.

Skipsea na Withernsea zenyewe zimesimama imara, tena zina bahati. Huko Dimlington, chini ya Skipsea, kuna tope lenye mabaki ya kuvumwani yaliyopimwa kwa kaboni na kutoa zaidi kidogo ya miaka 18,000 ya kaboni. Hivyo tili zote mbili ni za barafu ya mwisho, zilizoachwa baada ya kuvumwani hiyo kuota.

Msomaji anaweza kuuliza nani anafaidika na ubishi huu. Waulize wachimba madini. Mwaka 1908 kulipatikana Kivisalmi, mashariki mwa Finland, jiwe kubwa lenye shaba ambalo halikufanana na mwamba wa pale. Otto Trüstedt alisoma njia ya barafu kinyumenyume, akaifuata kuelekea kaskazini-magharibi kilomita 50 hivi, na mwaka 1910 mashapo ya shaba ya Outokumpu yakapatikana. Kanada, Charles Fipke na Stewart Blusson waliokota punje za madini yanayoandamana na almasi kutoka kwenye mashapo ya barafu, wakazifuata kwa miaka mingi kuelekea zilikotoka mpaka Lac de Gras, ambako almasi zilithibitishwa mwaka 1991. Mgodi wa Ekati ukafunguliwa mwaka 1998. Kazi ya namna hii humtegemea kabisa mtu aliyeitambua tili vizuri. Tili iliyokokotwa chini ya barafu hukupeleka karibu moja kwa moja kwenye mwamba ilikotoka. Tope lililotiririka kutoka mgongoni mwa barafu, au kokoto zilizochukuliwa na mto wake, zitakuzungusha. Aliyeandika tili kila mahali atachimba mahali pasipo na kitu, na gharama ya kisima kimoja cha uchunguzi kule kaskazini haichezewi.

Afrika Mashariki nayo ina tili zake. John Walter Gregory alipoupanda Mlima Kenya mwaka 1893 aliona moreni chini sana kuliko barafu ya wakati wake, na mwaka uliofuata akachapisha maelezo ya barafu ya kale ya mlima huo. Barafuto kubwa kuliko zote mlimani aliipa jina la Henry Carvill Lewis, Mmarekani aliyefuatilia mstari wa mwisho wa barafu ya kale huko Pennsylvania na kufariki akiwa kijana. Kwa hiyo barafuto ya Lewis ina jina la mtu wa tili, jambo ambalo wapandaji wengi hawana habari nalo. William Mahaney alifanya kazi kwenye mlima huo kwa miaka mingi, akazipanga tili zake kwa majina ya mahali: Teleki kwa kundi la zamani, Liki kwa kundi la enzi ya barafu iliyopita. Alitegemea sana udongo uliooza juu ya kila tili, kina chake na madini yake, yaani ushahidi uleule ambao kule Hessle ulisomwa vibaya.

Kwenye milima ya volkano neno diamikti ni la lazima. Volkano yenye barafu kileleni huteremsha lahari, mafuriko mazito ya tope na mawe, na yakikauka hukosa kuchambuliwa vilevile kama tili. Mfano wa kutisha uko Arusha: upande wa mashariki wa Mlima Meru uliporomoka na kumwagika hadi kwenye tambarare, ukaacha vilima na mabonde madogo ambamo leo yamo maziwa ya Momella. Umpe mwanafunzi aliyefundishwa Wisconsin picha ya vilima hivyo bila kumwambia viko wapi, anaweza kukuandikia moreni bila kusita. Kinachomrudisha njiani ni mawe: yote ni ya Meru yenyewe, yamevunjika kwa pembe kali, mengine yamepasuka vipande ambavyo bado vinaingiana, na hakuna yaliyosuguliwa bapa wala kuchorwa mistari kwa pamoja. Mlima Kenya na Kilimanjaro ni vigumu zaidi, kwa sababu kule barafu na matope ya volkano vyote vilipita, pengine kwenye bonde lilelile, na tili yenyewe imetengenezwa kwa mawe ya volkano.

Kilimanjaro inaonyesha pia hasara ya kuhesabu badala ya kutaja mahali. Charles Downie, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1964, aliziita nyakati za barafu za mlima huo kwa namba: ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha ya nne aliyoiita kuu, na mwisho ile ndogo. Kwa ushahidi aliokuwa nao ilikuwa kazi safi. Lakini namba zina tabia ya kukataa wageni. Siku itakapopatikana tili kati ya ya pili na ya tatu, ama itaitwa ya pili na nusu, ama kila kilicho juu yake kibadilishwe jina, pamoja na kila ramani na makala yaliyoitaja.

Rwenzori ilipata mpangilio mwingine. Henry Osmaston, aliyefanya kazi ya misitu Uganda, alizipa hatua za barafu za milima hiyo majina ya mahali, mojawapo ikiwa Mahoma, kutokana na ziwa dogo lililozungukwa na moreni karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Daniel Livingstone alichukua tope la chini ya ziwa hilo, na mwaka 1962 akachapisha umri wake: miaka ya kaboni ipatayo 14,750, yaani barafu ilikuwa imeshaondoka hapo kufikia wakati huo. Nusu karne baadaye Meredith Kelly na wenzake walipima beriliamu-10 kwenye mawe makubwa yaliyo juu ya moreni za hatua hiyohiyo, na mwaka 2014 wakaonyesha kwamba barafu ilikuwa imezijenga zaidi ya miaka 20,000 iliyopita. Umri ukasogea kwa maelfu ya miaka, na kwenye ramani hapakuwa na cha kufuta: hatua inaitwa Mahoma mpaka leo.